Mkimbiaji wa Upokot na Binti wa Makambako



Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitwaa mfano wa wakimbiaji kiwanjani, kwa maana watu wale waliyajua mashindano. Karibu na mji wao ilifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Nasi leo twatwaa mfano wa mkimbiaji, ila huyu wetu ni mwanamke, na ni jirani.

Tegla Loroupe alizaliwa mwaka 1973 katika nchi ya Wapokot, magharibi mwa Kenya, katika nyumba ya baba mwenye wake wanne na watoto zaidi ya 20. Kazi zake za utotoni mnazijua bila kuambiwa: kulima, kuchunga ng'ombe, kuwalea wadogo zake. Alipofikia umri wa miaka saba alianza shule, na shule ilikuwa umbali wa kilometa kama 10. Ili awahi, alikimbia, tena pekupeku. Huko shuleni ikaonekana kwamba aliwashinda katika mbio hata wanafunzi waliomzidi umri. Baba yake hakupendezwa, kwa kuwa aliona mbio si jambo la kumpasa mwanamke. Waliosimamia riadha nao walimwona mdogo mno na mwembamba mno. Aliyemtia moyo nyumbani alikuwa dada yake mkubwa.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana habari hii imetugusa mahali panapouma. Mwaka jana, katika stendi ya Makambako, pale barabara itokayo Njombe inapokutana na ile kuu iendayo Dar es Salaam, tulimwona binti wa miaka kama 13, amevaa sweta ya shule, kifurushi chake kimefungwa kwa kanga kuukuu. Mama aliyekuwa naye, ambaye hakuwa mama yake, alitueleza kwamba anampeleka mjini akasaidie kulea mtoto. Tulimpa binti mkono, tukamtakia safari njema, tukapanda gari letu kurudi Njombe. Tulikuwa tumekaribia kufika ndipo moyo ulipotusuta. Hatukumwuliza alikuwa darasa la ngapi. Hata jina hatukumwuliza.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wazazi. Twajua bei ya mbolea, twajua pia jinsi gunia la viazi linavyonunuliwa kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno. Lakini turudi kwa Tegla, tuone kilichokuwa ndani ya mtoto yule mlezi wa wadogo zake.

Mwaka 1989 alipelekwa Stavanger, nchini Norwei, kwenye mbio za nyika za dunia kwa vijana. Alimaliza akiwa wa 28. Nani angemkumbuka mtu wa 28? Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Mwaka 1995 akashinda tena, na safari hii alikimbia akiwa na msiba: yule dada yake alikuwa amefariki muda mfupi kabla.

Rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake ilikuwa ya Ingrid Kristiansen, mama kutoka huko huko Norwei. Mama huyu, kabla ya kuvuma katika riadha, alishindana katika mbio ndefu za kuteleza juu ya theluji, ambazo mtu hufunga mbao ndefu miguuni na kujisukuma kwa fimbo mbili. (Sisi wa Njombe, ambao Julai twaamka na kukuta sakitu juu ya majani, twadhani twaijua baridi!) Rekodi yake, saa 2, dakika 21 na sekunde 6, aliiweka London mwaka 1985, naye alikuwa tayari ana mtoto. Ilidumu miaka 13. Aprili 1998, mjini Rotterdam, Tegla aliipunguza kwa sekunde 19, na mwaka uliofuata, huko Berlin, akapunguza nyingine 4.

Kisha ikaja Michezo ya Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, na wengi walimtarajia apate dhahabu. Usiku wa kuamkia marathoni chakula kikamdhuru tumboni. Alikimbia hivyo hivyo, akamaliza wa 13. Siku chache baadaye akaingia uwanjani tena kwa mita 10,000, akawa wa 5. Wengine watasema alishindwa. Sisi nafasi hiyo ya 13 twaipenda kuliko rekodi zote mbili.

Wala hakuishia hapo. Nchi yao ilikuwa na vita vya kuibiana mifugo, ndugu wakiuana kwa bunduki. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya amani, akaandaa mbio ambamo vijana wa makabila yaliyopigana walikimbia pamoja. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, wanamichezo 10 wasio na bendera ya nchi yao.

Sasa twawageukia ninyi makatekista wa vigango, mnaoingia nyumba kwa nyumba. Ninyi mwajua ni nani aliyeacha kuonekana kwenye mafundisho, na ni nyumba ipi inayosema kwamba binti amekwenda kumsalimu shangazi. Kabla shule hazijafunguliwa, tuleteeni majina yao parokiani, pamoja na darasa ambalo kila mmoja aliachia, ili tukae na wazazi wao na walimu. Na ninyi akina dada mlioolewa, mlio na mdogo wenu nyumbani kwa baba, nendeni mkamtazame wiki hii.