Mbwa wa Kuwinda na Kondoo wa Jirani



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika nyanda za juu za Mbulu na kandokando ya mlima Hanang, Wairaqw na Wadatoga hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika bonde la Yaeda wamo Wahadzabe, ambao tangu kale huishi kwa kuwinda, kuchuma matunda na kurina asali. Mahali penye wafugaji na wawindaji, mbwa huonekana kila siku. Basi yatupasa tujue dini inasema nini juu yake.

Mtume (S.A.W.) aliruhusu kufuga mbwa kwa haja tatu: kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba. Anayemfuga pasipo haja hupungukiwa na thawabu kila siku. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kiwindwa kilichokamatwa na mnyama aliyefundishwa, litajwapo jina Lake.

Zingatieni sharti hilo la kufundishwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza kuwa mbwa aliyefundishwa ni yule ambaye akitumwa huenda, akikatazwa huacha, na akikamata hali. Na hayo yaonekane kwake mara nyingi mpaka ijulikane kuwa ndiyo tabia yake. Sasa mbwa akiona kundi la kondoo akalikimbilia, bwana wake akamwita asirudi, huyo hajatimiza sharti. Kiwindwa alichokiua hakiliki, na hasara aliyoifanya kwa jirani bado ipo.

Na hasara hiyo si ndogo. Kondoo hana silaha ila kukimbia. Jike lenye mimba laweza kuharibu mimba kwa kukimbizwa tu, hata kama halikuumwa. Akifa kwa meno ya mbwa ni mzoga, haliwi. Akiwahiwa angali na uhai wa kweli akachinjwa kisharia, nyama yake ni halali. Bali mwenyewe amekwisha kosa mnyama wake, ambaye labda alikuwa ada ya shule ya mtoto au akiba ya siku ya ugonjwa.

Nani atalipa? Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye wanyama wawalinde usiku. Lakini mnyama ajulikanaye kwa kudhuru, wanazuoni wetu wamesema mwenyewe hulipa alichokiharibu, kiwe cha usiku au cha mchana, kwa kuwa ilimpasa amfunge. Basi asiseme mtu, "Mbwa hana akili." Mwenye akili ni yule anayemfuga. Wala asiseme, "Jirani yangu si Muislamu." Haki ya jirani haianguki kwa tofauti ya dini. Aende kwake kabla hajaitwa na wazee, akiri, alipe thamani na aombe radhi.

Ndugu Waislamu, mfungeni mbwa usiku. Mzoeeni kondoo angali mdogo, na msimwache arande bila mtu. Msimtupie matumbo mabichi ya kondoo, kwani humo hupata minyoo ambayo mayai yake humletea mwanadamu uvimbe wa maji ndani ya ini na mapafu. Mpelekeni achanjwe kichaa cha mbwa, maana maradhi hayo huua watu na kondoo pia, na dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na kumbukeni kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda pasipo kibali. Uhalali wa nyama hauondoi wajibu wa kutii sheria ya nchi.

Wala msimtese mbwa. Mtume (S.A.W.) alitusimulia habari za mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mchungeni, mlisheni, mzuieni. Mtaulizwa juu yake kama mtakavyoulizwa juu ya kondoo wa jirani.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kulipa haki za watu kabla ya siku isiyokuwa na fedha wala mifugo ya kulipia. Amin.