Kabla ya Kuuza Shamba ili Kijana Awe Rubani

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Morogoro)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zangu mlioketi kule nyuma kwa sababu viti vya mbele vimejaa vitambi vyetu.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya kuchagua kazi. Nilipouliza wanafunzi wanapenda kusikia habari za kazi gani, nikaambiwa kuwa urubani umetajwa na wengi. Mimi si rubani. Ni mtumishi wa serikali, na ndege naijua kwa kukaa kiti cha abiria. Lakini jambo hili limekwisha kuletwa katika ukoo wetu, na kwa kuwa mimi ni mjomba, ilinibidi nilichunguze kabla ya kutoa kauli. Nitawaeleza niliyoyakuta.

Kwanza, historia kwa ufupi. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, ili vijana wetu wasilazimike kuvuka bahari. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki nalo likafa, na mwaka huo huo Tanzania ikaunda shirika lake. Shirika hilo limepanda na kushuka. Kabla ya Septemba 2016, zilipowasili Bombadia mbili mpya za panga boi zenye viti 76 kila moja, lilikuwa limebakiwa na ndege moja tu. Fastjet ilianza safari zake hapa nchini mwaka 2012, na mwaka 2018 ikasimama. Mwaka 2020 korona ililaza ndege karibu dunia nzima. Nasema haya ili mzazi ajue kuwa shirika la ndege linaweza kufa huku deni la masomo ya mwanawe likiwa hai.

Pili, hesabu. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani binafsi hudai angalau saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara hudai saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ambayo rubani kiongozi wa ndege kubwa ya abiria lazima awe nayo, hudai saa 1,500. Kila saa ina mafuta yake, mwalimu wake na bima yake, na mwanafunzi ndiye mlipaji. Mafunzo ya kufikia leseni ya biashara hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani.

Litazameni pengo lililopo kati ya saa 200 na saa 1,500. Hapo ndipo vijana wengi hukwama. Kijana ana leseni mfukoni, picha yake akiwa amevaa sare imetundikwa sebuleni kwa mama, lakini kila anakobisha hodi anaulizwa, "Una saa ngapi?" Wenye bahati huajiriwa kurusha ndege ndogo za injini moja, kama Caravan, kwenda Zanzibar, Mafia na mbugani. Huko hupakia mizigo ya abiria kwa mikono yao wenyewe, na saa zao huongezeka polepole. Wengine hubaki nyumbani wakingoja, na ujuzi wa kuruka usipotumika huchakaa.

Sasa niwaeleze ya kwetu. Sisi Waluguru, kama wengi wenu mjuavyo, mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata upande huo. Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita, dada yangu alitaka sehemu ya shamba letu la Matombo iuzwe ili mtoto aende chuo cha urubani. Ni shamba la karafuu, mdalasini na pilipili manga. Tulikaa kikao siku nzima. Mama yetu, ambaye ni bibi yake kijana, alisema maneno machache tu: "Ardhi hii niliikuta, na mimi si wa mwisho." Kijana naye akanigeukia akasema, "Mjomba, wewe ulisomeshwa na serikali. Mimi nisomeshwe na nani?"

Swali lile halikuwa utovu wa adabu. Ni kweli, mimi nilifika Chuo Kikuu kwa kodi za watu, na hakuna aliyeng'oa mkarafuu kwa ajili yangu. Kwa hiyo sikuweza kumjibu kwa methali. Nilimjibu kwa mambo matatu, na ukoo ukayakubali, ingawa si kwa furaha ya wote.

La kwanza, apimwe afya kabla ya senti moja ya chuo kulipwa. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hupimwa macho, masikio, moyo na mengineyo, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Miwani peke yake si kizuizi, mradi inarekebisha macho kufikia kiwango. Ni uchungu kuuza shamba, ukalipa ada, kisha ukaambiwa mwishoni kuwa kijana hatofautishi nyekundu na kijani.

La pili, awe na ufundi mwingine mkononi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege. Fundi wa ndege haondoki katika anga, na mshahara wake ndio utakaolipia saa za kwanza. La tatu, ukoo utachanga kutokana na mavuno, bali ardhi haitauzwa. Alipimwa, akafaulu. Leo yuko mwaka wa pili wa ufundi, na bado hajarusha ndege hata dakika moja. Wapo katika ukoo wanaosema mjomba amemkata mbawa. Nawasikia, na kila msimu wa karafuu nachangia nikiwa wa kwanza.

Ndugu zangu, fedha ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni tabia. Mimi nilipimwa afya mara moja tu, siku ya kuajiriwa, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza kama naweza bado kuandika dokezo. Rubani wa abiria hurudia kupimwa kila miezi 12, na akipita miaka 60 kila miezi 6. Akifika 65 hawezi tena kurusha ndege za abiria za kimataifa. Mara mbili kwa mwaka hutahiniwa uwezo wake, kwa kawaida ndani ya mtambo unaoigiza ndege, ambamo injini huzimwa makusudi mbele ya mkaguzi. Kijana aliyefurahi kumaliza mitihani hapa shuleni ajiulize kama yuko tayari kufanya mitihani mpaka anastaafu.

Tena lazima awe mtu wa kuweza kusema hapana. Tazameni mlima wetu. Alfajiri Bondwa iko wazi, mnara wake unaonekana. Ikifika saa nne wingu limeketi juu yake kama kilemba. Pepo za Bahari ya Hindi huleta unyevu, mlima huupandisha, nao hugeuka mawingu na mvua. Mji wetu uko kwenye mita 500 hivi, na Bondwa inapita mita 2,000. Ndani ya wingu lile kuna jabali.

Wakati mmoja nilikuwa katika ndege iliyozunguka juu ya Ziwa Victoria kwenda Bukoba, kisha ikarudi Mwanza kwa sababu ya mvua. Tulikuwemo wakubwa kadhaa wa serikali, na maneno yaliyosemwa hayafai mbele ya wanafunzi. Rubani, kijana wa kuweza kuwa mwanangu, alisimama mlangoni akatuaga mmoja mmoja, wala hakuomba radhi kwa kutuweka hai. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani. Watu 43 walikuwemo, na 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Tangu siku hiyo sijanung'unika tena ndege inaporudi.

Mwisho, chunguzeni njia. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Julai ikafika Dodoma. Anayeota kurusha ndege za Dodoma ana mshindani anayepita mlangoni kwake. Lakini reli haifiki Songea, Mtwara wala Bukoba, na nchi yetu ni pana. Kazi ipo, kwenu na kwa dada zenu wa Kilakala vilevile. Shikeni fizikia, hisabati na jiografia, na Kiingereza cha kusema, maana redio ya ndege haingoji mtu atafute neno.

Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Chama chetu kigharamie kipimo cha afya cha daraja la kwanza kwa wanafunzi wawili kila mwaka, walioonyesha nia na alama. Tukiwaambia ukweli huo mapema, tutakuwa tumeokoa mashamba mengi na ndoto chache za kweli. Mchango wangu wa kwanza nimekwisha kumkabidhi mweka hazina.