Kuupima Mtaa Kabla ya Kuhamia

Hotuba ya afisa wa mahusiano ya polisi na jamii kwa wakazi wa pembezoni mwa Kampala



Mji wa Kampala umekwisha kuvuka mipaka yake na kuenea wilayani Wakiso. Nansana, Najjera, Kyaliwajjala na Kajjansi, palipokuwa na migomba, leo pamejaa nyumba. Familia zinazohamia huko aghalabu hutoa akiba ya miaka mingi. Wengi hukagua vigae, milango na rangi ya kuta. Wachache hukagua mtaa. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza: ukishaingia ndani, toka tena nje ukautazame mtaa.

Jambo la kwanza ni ardhi yenyewe. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la taka la Kiteezi liliporomoka na kuzifukia nyumba za jirani. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Mwaka huohuo nyumba zilibomolewa katika ardhi oevu ya Lubigi. Katiba ya mwaka 1995 inaiagiza serikali kuzihifadhi ardhi oevu kwa niaba ya wananchi wote; kwa hiyo bei nafuu ya kiwanja cha bondeni yaweza kuwa ghali kuliko zote. Nenda ukaone mahali hapo mara baada ya mvua kubwa. Tazama maji yanaelekea wapi, na alama zake zimefika wapi kwenye kuta za majirani.

La pili ni saa. Dalali atakupeleka adhuhuri, jua likiwaka na njia ikiwa na watu. Rudi mwenyewe saa mbili za usiku, ukiwa na mwenzako. Tembea kutoka kituo cha bodaboda hadi langoni, njia ileile atakayopita binti yako akitoka masomoni. Je, kuna taa? Kuna vichaka au majengo yaliyotelekezwa? Maduka bado yako wazi? Gari la wagonjwa au la zimamoto laweza kupita?

La tatu ni watu. Mwone mwenyekiti wa LC1, kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu. Usiulize tu kama kuna wizi. Uliza ni wizi wa namna gani, saa ngapi, na wananchi hufanya nini unapotokea. Mtaa usio na taarifa nyingi si lazima uwe salama. Huenda watu wamekata tamaa ya kuripoti. Na mtaa maskini si lazima uwe wa wahalifu. Nawasihi, msiuhukumu mtaa kwa kabila, dini au mabati ya wakazi wake. Mtaa ambamo majirani wanajuana kwa majina humpa mwizi taabu kuliko ukuta mrefu wenye nyaya.

La nne ni hati. Katika Buganda, ardhi ya mailo yaweza kuwa na mwenye hati na mwenye kibanja juu yake kwa wakati mmoja. Anayenunua kibanja hununua kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Na ardhi ambayo familia huishi haiuzwi bila idhini ya mume au mke wa muuzaji. Hakikisheni hati katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mpangaji naye adai mkataba wa maandishi na risiti za kodi. Muuzaji anayekuharakisha, au anayekukataza kuonana na mwenyekiti na majirani, amekwisha kukujibu.

Ndugu zangu, kesi nyingi za ardhi hutufikia fedha zikiwa zimekwisha kulipwa na muuzaji hapatikani. Polisi aweza kumtafuta tapeli, lakini hawezi kuahidi kurudisha akiba iliyotumika. Siku mbili za kuuliza ni nafuu kuliko miaka ya mahakamani.

Na ukishahamia, jitambulishe kwa mwenyekiti na majirani, hudhuria mikutano ya usalama, na hifadhi nambari za dharura, 999 na 112. Mgeni wa leo ndiye jirani atakayeulizwa kesho na mgeni mwingine: mtaa huu ukoje? Tuujenge ili ajibu bila kusita.