Mkojo wa Damu Usiouma: Saratani ya Kibofu na Mgonjwa Anayetoka Olbalbal



Mfugaji wa Olbalbal, huku Ngorongoro, akiona ng'ombe wake anakojoa mkojo mwekundu hangoji kesho. Anajua ni kupe, anajua dawa inauzwa wapi, na ikibidi atauza mbuzi aipate kabla jua halijazama. Mfugaji huyohuyo akikojoa damu mwenyewe, alfajiri nyuma ya boma, atanyamaza. Haimuumi. Keshokutwa mkojo umerudia rangi yake, naye anahesabu kuwa amepona. Hapo ndipo ugonjwa ninaouzungumzia leo unapojipatia miezi yake ya kukua.

Saratani ya kibofu cha mkojo mara nyingi hujitangaza kwa damu isiyo na maumivu, inayokuja na kupotea. Kukatika kwa damu si kupona. Na sisi watoa huduma tuna sehemu yetu: mgonjwa akieleza damu tunaandika UTI, tunampa vidonge vya siku saba, damu ikikata sifa zinaenda kwa vidonge. Msimamo wangu ni kwamba mtu mzima aliyekojoa damu bila homa wala maumivu, hata mara moja, asipewe dozi ya pili kabla kibofu chake hakijaangaliwa.

Duniani sababu kubwa ni sigara. Kwetu Tanzania kuna kichocho cha mkojo pia, ambacho mayai yake hukaa kwenye ukuta wa kibofu kwa miaka na kuujeruhi. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walipochapisha mwaka 2013 mapitio ya wagonjwa 185, zaidi ya nusu walikuwa na aina ya saratani inayofuatana na kichocho, na wanawake walikuwa wengi kidogo kuliko wanaume. Hilo la wanawake tulishike, maana mama akisema anaona damu, wengi wetu tunawaza hedhi au kizazi na kuishia hapo. Mtaniambia Olbalbal ni nchi kavu, konokono wa kichocho atatoka wapi? Ni kweli. Lakini vijana wetu wanalinda maduka Mwanza na hoteli Unguja, wanaoga kwenye mito na mabwawa ya huko, kisha wanarudi. Swali la "umewahi kufanya kazi wapi?" lina nafasi yake kwenye kadi ya mgonjwa.

Kipimo cha ultrasaundi kinaweza kuonyesha uvimbe, ila uvimbe mdogo au uliolala bapa hukipita. Jibu la uhakika hutoka kwenye kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo, na kinyama kinachopelekwa maabara. Kwa upande wetu hiyo iko hospitali ya KCMC, Moshi: kutoka Olbalbal ni kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kushuka geti la Lodoare, Karatu, Makuyuni, Arusha, zaidi ya kilomita 250. Majibu ya kinyama hayatoki siku hiyohiyo, kwa hiyo nauli ihesabiwe mara mbili, na ya msindikizaji juu yake.

Kinachoamua yote ni kina. Saratani ikiwa haijafika kwenye msuli wa kibofu, daktari huikwangua kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo, na mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa siku chache. Baadhi huwekewa ndani ya kibofu BCG, chanjo ileile inayoacha kovu begani mwa mtoto. Alvaro Morales wa Kanada alionyesha faida yake mwaka 1976. Si dawa ya kuipata kila mahali. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, kwa hiyo kamera hurudiwa baada ya miezi mitatu, kisha kwa miaka.

Ikifika kwenye msuli, tiba kuu ya upasuaji ni kutoa kibofu chote, na mkojo kutafutiwa njia nyingine. Hapa naomba tukae kidogo.

Njia inayotumika sana, aliyoieneza Bricker wa Marekani mwaka 1950, hutumia kipande cha utumbo mwembamba kuupeleka mkojo kwenye tundu la tumboni, na juu yake hubandikwa mfuko. Mfuko hubadilishwa kila baada ya siku chache. Olbalbal hauuzwi, na gundi yake haipatani na vumbi wala jasho. Kabla ya upasuaji huchorwa alama ya mahali pa tundu, mgonjwa akiwa amekaa na akiwa amesimama. Mzee wetu achorwe akiwa amevaa shuka na mshipi wa sime. Akichorwa amevaa gauni la wodi, mshipi utakuja kukaa juu ya tundu.

Njia ya pili ni ya zamani: mkojo huunganishwa na utumbo mpana ukatoka pamoja na haja kubwa. Hakuna mfuko, na kwa sababu hiyo watu wa mbali huipenda. Lakini asidi hupanda kwenye damu, figo hushambuliwa, na baada ya miaka saratani nyingine inaweza kuota pale palipoungwa. Damu inapaswa kupimwa mara kwa mara. Kuna ya tatu, kibofu kipya cha utumbo, inayodai mafunzo na maji safi ya uhakika. Mkiniuliza, mfuko pamoja na usumbufu wake ni afadhali kwa mtu wa Olbalbal. Mfuko ukivuja kila mtu anaona; asidi haionekani hadi mtu ameanguka.

Kuna jambo lisilosemwa wodini. Kibofu cha mwanaume hutolewa pamoja na tezi dume, na mara nyingi nguvu za kiume huondoka navyo. Kwa mwanamke, kizazi mara nyingi hutolewa pia. Mzee mwenye wake watatu anastahili kulisikia hilo kabla ya kisu. Tatizo ni mkalimani: mzee asiyejua Kiswahili huja na mjukuu aliyesoma, na hakuna mjukuu atakayemtafsiria babu yake maneno hayo. Mjukuu analimeza, daktari anaona kichwa kinatikiswa, sahihi inawekwa. Tumtafutie mzee mtu wa rika lake anayejua Kiswahili.

Mgonjwa akirudi bomani baada ya upasuaji atahitaji kunywa maji mengi, naye amezoea kuchunga kutwa nzima kwa maziwa ya asubuhi. Ute mweupe kwenye mfuko ni wa utumbo, wa kawaida. Homa yenye baridi na maumivu ya kiunoni si ya kusubiri mnada upite. Ni ya kwenda hospitali ya Endulen siku hiyo.

Tarehe za marudio huandikwa kwenye kadi inayokaa Moshi. Wakati wa kiangazi mgonjwa amehama na mifugo, na tangu 2022 wengine wamehamia Msomera, Handeni, ambako muuguzi wa huko hajui kama kuna kamera iliyopangwa. Napendekeza kila zahanati iwe na daftari la waliopasuliwa, lenye tarehe inayofuata na simu ya ndugu mmoja, na akihama nakala imfuate. Mjadala uanzie hapo: nani katika kata atalitunza, na nauli ya marudio itoke mfuko gani.