Miguu Inayorudi

Masomo: Isaya 52:7, Matendo 14:19-23, Matendo 15:36 mpaka 16:3

 

Leo hatukuja na ushuhuda wa kujisifu. Tumekuja na ushuhuda wa aibu, na wa neema iliyotukuta ndani ya aibu hiyo.

Isaya anasifu miguu ya mtu anayepita juu ya milima akileta habari za amani. Sisi wa idara ya uinjilisti tunalipenda andiko hilo. Tuliliandika mgongoni, kwenye nguo tulizoshonesha kwa ajili ya safari. Lakini tulikuwa hatujajiuliza swali moja: je, miguu hiyo ilipita mara ngapi?

1. Tulipopanda mara ya kwanza

Tulikuwa watu watano, ndugu watatu na wamama wawili. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi, wakati baridi ya Katanga inauma asubuhi. Tulitoka Likasi juu ya mizigo ya lori, tukapita Lwambo, tukaelekea upande wa Mitwaba. Lori lilipofika mwisho wa safari yake tulichukua pikipiki. Pikipiki ziliposhindwa na mawe tulikwenda kwa miguu, siku moja na nusu, tukipanda milima ya Kibara.

Ninyi mnaojua milima yetu ya Likasi, msifikiri ni hiyo tu. Kule ukifika juu miti inapungua, inabaki nyanda ya majani na upepo. Usiku tulilala tumejifunika kila kitu tulichokuwa nacho, na wamama wakacheka kwamba hata Biblia wangejifunika kama ingekuwa kubwa.

Kijiji tulichofikia kilikuwa kinajua mateso. Watu wa Mitwaba walikimbia kwa wingi katika miaka ya vita vya Mai-Mai. Wengine walipoteza nyumba, wengine watoto, na waliporudi walianza tena na jembe. Walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Walitupa nyumba, wakatuchotea maji, wakatupikia bukari na sombe. Tulihubiri usiku tatu. Watu 40 waliinua mikono kumpokea Yesu. Tukawaombea, tukawaambia: "Sasa ninyi na sisi ni kanisa moja. Mwaka kesho, mwezi wa saba, tutarudi na Biblia."

Tulishuka tukiimba. Hapa Likasi tulisoma ripoti mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Sadaka ya Biblia ilichangwa Jumapili ile ile.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba ulipofika, kulikuwa na semina kubwa. Vipaza sauti vya kanisa vilikuwa vimeharibika. Tukasema: "Tukope kidogo kwenye ile feza ya Biblia, tutairudisha." Wapendwa, hatukuirudisha. Mwezi wa saba ukapita. Ukapita na mwingine.

Waswahili husema ahadi ni deni. Sisi deni lile tulilifunika kwa nyimbo.

2. Paulo na njia ya kwenda nyumbani

Fungua Matendo 14. Paulo yuko Listra. Wanampiga mawe, wanamburuta nje ya mji, wanamwacha wakidhani amekufa. Anainuka, na kesho yake anakwenda Derbe na Barnaba. Kule wanahubiri, wengi wanaamini. Kazi imekwisha.

Sasa tazama ramani iliyo nyuma ya Biblia yako. Kutoka Derbe barabara ilikuwapo kwenda mashariki. Inavuka milima ya Tauro kwenye mlango wa Kilikia na kushuka mpaka Tarso. Tarso ni wapi? Ni kwao Paulo, mji aliozaliwa. Mtu mwenye vidonda vya mawe mwilini alikuwa na njia ya kwenda nyumbani, na kutoka huko kufika Antiokia ya Siria, kanisa lililomtuma.

Hakuifuata. Luka anatuambia kwamba walirudi Listra, wakarudi Ikonio, wakarudi Antiokia ya Pisidia. Walirudi kule kwenye mawe! Kufanya nini? Kuwatia nguvu wanafunzi, kuwaambia ukweli juu ya taabu, na kuweka wazee katika kila kanisa. Mara ya kwanza Paulo alihubiri. Ni katika kurudi ndipo kanisa lilipopata wazee.

Kisha soma 15:36. Baada ya siku kadhaa Paulo anamwambia Barnaba: twende tena tukawatazame ndugu katika kila mji tulipohubiri, tuone hali yao. Hakuna sauti kutoka mbinguni hapo, hakuna maono ya usiku. Ni mtu anayekumbuka watu. Na anaporudi Listra, sura ya 16, anamkuta nani? Timotheo! Kama Paulo asingerudi, asingempata Timotheo. Kuna Timotheo wangapi kule milimani ambao hatujawapata kwa sababu tulipita mara moja tu?

3. Injili ilivyofika kwetu Katanga

Sisi Wapentekoste wa Katanga tusisahau tulikotoka. Mwaka 1915 William Burton na James Salter, Waingereza wawili, walikuja katika nchi ya Waluba. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Bukama. Ilifika huko mwaka 1918. Walisafiri kwa mto Lualaba na kwa miguu, na mmoja wa wenzao alikufa kwa homa safarini. Walifika Mwanza, wakaanza kazi ambayo leo tunaijua kama Jumuiya ya 30 ya Kipentekoste. Salter ndiye aliyemwoa binti wa Smith Wigglesworth, yule mhubiri ambaye wengi wenu mnapenda habari zake.

Burton hakupita Mwanza kama mgeni wa kampeni. Vijiji alivyovipitia kwa miguu alivirudia, kiangazi kwa kiangazi, mpaka fujo za mwaka 1960 zilipomtoa: miaka 45.

Lakini kuna miguu mingine ambayo hatuitaji sana. Kabla ya hapo watu wengi wa Katanga na wa Kasai walikuwa wamechukuliwa watumwa mpaka Angola. Huko wengine walisikia Injili. Walipopata uhuru wao walitembea kurudi kwao, na habari ya Yesu wakarudi nayo. Mmoja wao ni Shalumbo. Yeye alikuwa mwindaji wa watumwa, Mungu akambadilisha, akarudi akihubiri mahali alipoleta machozi. Burton aliandika kitabu kizima juu yake. Mnaona? Injili ililetwa kwetu pia na miguu iliyorudi.

4. Meka kumi za maharagi

Sasa turudi kwenye aibu yetu. Ilikuwa Jumapili ya mvua. Ibada ilikuwa imekwisha, tunakunja nyaya za vile vipaza sauti. Mama mmoja akaingia, amebeba mtoto mgonjwa mgongoni. Pamoja naye alikuwa kijana mwenye mfuko kichwani. Hatukumtambua. Yeye alitutambua wote kwa majina.

Alikuwa ameshuka mlimani kumleta mtoto hospitali. Akaweka mfuko chini, akasema: "Ba ndugu bananituma. Hii ni fungu ya kumi yetu. Mulisema tuko kanisa moja."

Zilikuwa meka kumi za maharagi.

Hakutulaumu. Hakuuliza Biblia ziko wapi. Alisema tu kwamba kule walifikiri labda barabara imeharibika, au labda tumepata ugonjwa, nao walikuwa wakituombea kila Jumapili. Watu tuliowaacha walikuwa wanatuombea tupone!

Ndugu mmoja kati yetu alitoka nje akalia. Sisi wengine tulitazama chini.

Kule Ethiopia, katika jimbo la Tigray, kuna monasteri ya kale inayoitwa Debre Damo. Iko juu ya mlima wenye kilele bapa kama meza, na pande zake zimesimama kama ukuta. Inasemekana mtawa Aregawi aliianzisha katika karne ya 6. Hakuna ngazi. Mgeni hufika chini ya jabali, na watawa walio juu humteremshia kamba ya ngozi. Anajifunga kiunoni, anapanda kwa mikono na miguu kiasi cha mita 15, na wao wanavuta. Sisi hatufuati mafundisho yote ya watawa wale, na wamama wetu wasingeruhusiwa kupanda, maana ni mlima wa wanaume tu. Lakini kamba ile inatufundisha. Hata uwe na nguvu namna gani, huko juu hufiki kama hakuna aliye juu anayekuvuta.

Sisi tulidhani tumepanda Kibara kuwavuta watu wa mlimani. Siku ile ya maharagi tuliona kamba inateremka kutoka kwao, na sisi ndio tuliokuwa chini.

5. Tulipopanda mara ya pili

Tulitubu mbele ya kanisa. Tulitaja feza, tulitaja tulichonunua nayo. Haikuwa rahisi, wengine walisema mambo kama hayo yasemwe ofisini. Lakini tulikuwa tumepigiwa makofi hadharani, kwa hiyo toba nayo ilipaswa kuwa hadharani. Kiangazi kilichofuata tulipanda na Biblia 25, chumvi, na daftari za watoto.

Wapendwa, hatukukuta watu 40. Tulikuta 11. Wengine walihama, wengine walirudi kwa waganga, mzee mmoja alikuwa amekufa akituulizia. Hatuwezi kulipamba jambo hilo. Kuna roho ambazo tungezitia nguvu, nasi hatukuwapo. Tunamwachia Mungu mwenye rehema.

Lakini wale 11! Tulikuwa tumewaachia Biblia moja. Waliifungua mishono, wakagawana: nyumba moja ina Marko, nyumba nyingine ina Zaburi, nyingine ina Warumi. Jumapili kila nyumba inaleta sehemu yake. Anayewaongoza ni mama mzee asiyejua kusoma. Mjukuu wake anasoma, yeye anaeleza na kuomba. Tulipotaka kumpa Biblia mpya nzima alishika zile kurasa zake za Marko akasema hizo pia hatazitupa.

Tulikaa siku tisa. Hatukuweka jukwaa. Tulisaidia kuezeka nyumba ya maombi, tukafundisha mchana, tukasikiliza jioni.

6. Basi tufanye nini?

Wengi wetu tunapenda kupanda mlima kufunga na kuomba. Ni vema, Bwana wetu naye aliomba mlimani. Lakini Petro alipotaka kujenga vibanda kule juu, Yesu alishuka, kwa maana chini kulikuwa na baba mwenye mtoto mgonjwa. Mlima wa maombi usiokurudisha kwa watu umekupa baridi tu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, usiahidi kwa jina la Yesu jambo ambalo hukuliandika kwenye kalenda na kwenye hesabu ya kanisa. Pili, sadaka iliyotolewa kwa watu wa mbali isiguswe kwa mahitaji ya karibu, hata kama mahitaji hayo yanapiga kelele. Tatu, fikiri leo mtu mmoja uliyemwombea, ukamwambia "nitapita kukuona," na hukupita. Pengine hayuko Mitwaba. Yuko Kikula, barabara ya pili kutoka kwako. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Nenda kabla ya Jumapili ijayo.

Na wewe unayesema, "Mimi nilishashindwa, niliwaacha," kumbuka Yohana Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba Perga, kabla hawajapanda kwenda Antiokia ya Pisidia, akarudi Yerusalemu. Paulo alikasirika naye sana. Lakini katika 2 Timotheo 4:11 Paulo yule yule anamwita aletwe, kwa maana anafaa katika huduma. Mungu wetu anampa nafasi ya pili hata mtu aliyekimbia mlima.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ulishuka kwetu, na umesema utarudi, na neno lako halipiti. Utusamehe ahadi tulizofunika kwa nyimbo. Uwatie nguvu ndugu wale 11 na nyumba yao ya maombi. Mponye mtoto wa yule mama. Utupe miguu inayorudi. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa vikundi vya nyumbani:
Ni nani anayetungojea, na tulimwambia nini?
Kwa nini Paulo hakuchukua njia ya Tarso?