Kazi za Vikundi kwa Wanaosoma Mtandaoni: Umbali Uwe Sehemu ya Somo

Hotuba kwa kamati za parokia na wafadhili, Dodoma



Mada yetu leo ni kazi za vikundi kwa vijana wetu wanaosoma kwa njia ya mtandao. Huenda wengine wakauliza: hili si jambo la walimu? Linawahusu ninyi pia kwa sababu ada mnalipa ninyi. Kijana anayesoma akiwa kwao Bahi au Mpwapwa hana bweni wala mwenzake wa kukaa naye meza moja. Kikundi chake ndicho darasa lake. Kikundi kikifa, naye yuko njiani kuacha masomo.

Kusoma ukiwa mbali na mwalimu si jambo geni nchini kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994. Kabla ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Kila juma, kwa majuma 12, kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya, kwa mfano kuchimba vyoo. Redio peke yake isingetosha. Kikundi kilikuwa na kiongozi, ratiba na kazi inayoonekana kwa macho.

Sasa tutazame kikundi cha mtandaoni. Malalamiko tunayoyasikia kwa wanafunzi yanafanana: watu wanane wamewekwa pamoja, wameambiwa waandike kurasa kumi kuhusu maana ya maendeleo. Mmoja anaandika usiku kucha, wengine wanategea, na siku ya kukusanya majina yote manane yako juu ya karatasi. Tusikimbilie kuwalaumu vijana. Kazi ambayo mtu mmoja anaweza kuimaliza peke yake itafanywa na mtu mmoja.

Dawa yake ni kutoa kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza. Tuchukue mfano. Wanafunzi wanne wako Kongwa, Bahi, Manyoni na Chamwino. Wanapewa swali hili: ghala la nafaka la parokia linunue mtama na mahindi wapi, na wakati gani? Kila mmoja anakwenda katika soko lake, juma lile lile, na kuandika bei. Kabla ya kwenda wanakubaliana kipimo, kwa sababu debe la soko moja huenda lisilingane na debe la soko jingine. Hivyo wote wanaandika bei kwa kilo. Kisha wanalinganisha, wanahesabu nauli ya gari, na wanaamua pamoja. Asiyeleta bei ya kwao anaacha pengo ambalo wenzake hawawezi kulijaza wakiwa mezani. Hapo umbali unageuka kuwa faida.

Kutokana na mfano huo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kikundi kiwe cha watu wanne au watano. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Pili, kila mmoja awe na wajibu unaojulikana: kiongozi, katibu, mkaguzi wa hesabu. Wajibu huo ubadilishane, ili dada asibaki katibu mwaka mzima.

Tatu, kazi ikatwe vipande vyenye tarehe, na majibu yasidai wote wawe hewani saa moja. Mtandao hukatika, simu huisha chaji, na mvua zikianza Desemba watu wako shambani. Ujumbe mfupi wa sauti unaojibiwa ndani ya siku mbili ni bora kuliko mkutano wa saa mbili jioni, wakati akina mama wako jikoni.

Nne, alama zigawanywe: sehemu ya kikundi na sehemu ya mtu binafsi. Kila mwanafunzi aandike nusu ukurasa akieleza alichofanya yeye, na mwalimu ampigie simu amuulize maswali mawili. Aliyetegea atajulikana kabla ya mtihani.

Je, ninyi mfanye nini? Kamati za parokia, fungueni ofisi yenye umeme jioni mbili kwa juma, iwe na meza na mahali pa kuchaji simu. Wanafunzi wa vyuo mbalimbali wakikutana hapo watatiana moyo. Wafadhili, hesabuni vocha za intaneti kuwa sehemu ya ada, kwa maana mwanafunzi asiye na vocha hayuko darasani. Na mnapoomba taarifa ya masomo, msiulize matokeo ya mtihani tu. Ulizeni: kikundi chako kina nani, na wewe juma hili umefanya nini?

Swali hilo halina gharama. Kijana atakayelijibu bila kusitasita anasoma kweli. Atakayeshindwa kulijibu anahitaji kutembelewa mapema, kabla hajaacha masomo kimya kimya.