DAFTARI LA SERIKALI NI LA NANI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, baada ya sala ya Isha)



Kamati ya tawi imetutaka tuseme maneno machache juu ya kompyuta na intaneti, na vipi vyombo hivi vyaweza kuzuia rushwa katika kazi za serikali. Tulipopewa amri hii tulicheka kidogo, kwani elimu yetu sisi ni ya chuoni, ya msahafu na ubao, na kazi yetu ni kupima mchele na sukari. Walakini tulipofikiri tuliona kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Kompyuta ya serikali ni daftari, na mambo ya daftari mwenye duka anayajua.

Chuoni tulifundishwa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haikuteremshwa juu ya sala wala saumu. Ni aya ya deni, iliyomo katika Suratul Baqara, nayo yaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Tazameni basi: kuandika na kushuhudia, mambo mawili, mwandishi peke yake hatoshi. Dukani kwetu mteja wa mkopo ana kijidaftari chake nasi tuna letu, na kila mwisho wa mwezi twayaweka pamoja juu ya meza. Lau tungekuwa na daftari letu tu, tukalifungia kabatini na kumwambia mteja, "Deni lako ni hili, lipa," hata tukiwa wakweli nani angetusadiki? Na je, lau si wakweli?

Mwaka jana tulikwenda katika ofisi moja, hatuitaji, kutafuta karatasi ya biashara. Tukaambiwa mtandao umelala. Kesho yake tukarudi. Mtandao ungali umelala. Siku ya tatu tulikaa barazani pale toka asubuhi mpaka adhuhuri, tukaona watu wawili waliokuja nyuma yetu wakiingia na kutoka na karatasi zao mkononi. Kijana mmoja aliyekuwa akipitapita akatunong'oneza kwamba mtandao wa hapo huamka kwa chai. Chai hatukutoa. Tulikwenda mara sita, na mara ya sita mtandao ukaamka wenyewe.

Hatusemi kwamba mitambo haina faida. Siku hizi mtu alipaye kodi au ada hupewa namba ya malipo, akalipa benki au kwa simu, na fedha zisipite katika kiganja cha karani. Hilo ni jema, na atakayelikana hatakuwa mwadilifu. Lakini njia ya kuingiza fedha ni nusu ya hisabu. Nusu ya pili ni njia ya kuzitoa, na huko ndiko raia asikoona kitu.

Twende Bara Hindi, katika jimbo la Karnataka. Huko khati za mashamba zilikuwa mikononi mwa makarani wa vijiji, wapata 9,000, na mkulima aliyetaka nakala ya khati yake ili akakope fedha alilazimika kumbembeleza karani na kumtia kitu mkononi. Ilipofika mwaka 2001 serikali ya jimbo ilikuwa imekwisha kuingiza katika kompyuta khati kiasi cha milioni 20, za wenye mashamba kiasi cha milioni 6.7. Mkulima akawa anakwenda dirishani, analipa rupia 15, anapewa nakala yake. Mwenye kuomba jina libadilishwe kwa kununua au kurithi akawa anaandikwa kwa zamu, na mtambo ukawa haumruhusu karani kumruka wa mwanzo akamshughulikia wa nyuma. Tena karani hawezi kuufungua mtambo ila kwa alama ya kidole chake, ili kesho asije akasema, "Si mimi."

Lakini lililotupendeza zaidi ni dogo kuliko yote hayo. Pale dirishani waliweka vioo viwili vya kompyuta: kimoja kikimtazama karani, na cha pili kikimtazama mkulima, aone kinachoandikwa wakati kinapoandikwa. Kioo hicho cha pili ndicho kijidaftari cha mteja.

Sasa tutazame jirani zetu wa Kenya. Wao walikuwa na mtambo mkubwa wa malipo ya serikali, wa kisasa kabisa. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba katika Shirika la Vijana wa Huduma kwa Taifa zimepotea shilingi milioni 791, nazo zilipita ndani ya mtambo huohuo. Afisa mmoja mkubwa akasema kwamba neno lake la siri lilitumiwa na wengine bila ya yeye kujua. Khiyana, basi, haikuhitaji kuvunja kufuli, ilipewa ufunguo. Na raia wa Kenya, ambaye fedha zilikuwa zake, hakuwa na kioo cha kutazamia.

Kinyume chake ni Uganda, ambako hapakuhitajiwa hata kompyuta. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kwamba baina ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotolewa na serikali kuu kwa matumizi ya skuli za msingi, zilizofika skuli zilikuwa kiasi cha 13. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini fedha zilizotumwa, na skuli zikaamrishwa kubandika khabari hiyo mahali wazee wa watoto wataiona. Mwaka 2001 zilizofika zilizidi 80 katika mia. Sababu nyingine zaweza kuwapo, lakini karatasi ile ukutani hatuwezi kuidharau.

Ukitaka kuona karatasi ya ukutani na kompyuta zikikutana, tazama Ukraine. Baada ya watu kumwondoa rais wao mwaka 2014, vijana waliojitolea walitengeneza mtambo wa manunuzi ya serikali ulioitwa ProZorro, na tangu mwezi wa Agosti 2016 sheria ikazilazimisha ofisi zote za umma kununua kwa njia hiyo. Wafanya biashara hushindana kwa kushusha bei, mara tatu, kila mmoja akiona bei ya mwenziwe. Mnada ukesha, barua zote na bei zote, za aliyeshinda na za walioshindwa, huwa wazi kwa kila mtu duniani mwenye simu. Yaani duka zima latazamwa na mtaa mzima.

Kisha ikaja vita ya mwaka 2022, na manunuzi ya jeshi yakafichwa. Kwa silaha, twafahamu. Lakini chakula nacho kilifichwa. Mwezi wa Januari 2023 gazeti moja la huko likapata mkataba na kulitangaza hili: yai moja la askari lilikuwa limeandikwa hryvnia 17, na madukani Kyiv yai liliuzwa kiasi cha hryvnia 7. Wizara ilisema ni kosa la uandishi. Naibu waziri akajiuzulu, na kwa sheria mpya bei za vitu kama hivyo zikarudishwa hadharani. Ndugu zetu, sisi twauza mayai. Mhasibu mwenye shahada aweza kuipita bei ile bila kushtuka, lakini mama anayenunua mayai matatu ya futari angeiona kwa jicho moja. Ndiyo maana daftari lataka macho mengi, na mengine yawe ya watu wasiosoma sana.

Mwaka 2011 serikali ya Jamhuri ya Muungano iliingia katika mapatano ya mataifa ya kuendesha serikali kwa uwazi, na mwaka 2017 ikajitoa. Sababu zake aliyejitoa anazijua. Sisi twataka kitu chepesi: kila kinachonunuliwa kwa fedha za visiwa hivi, kikiwa barabara, dawa au dawati la skuli, raia aweze kuona katika simu yake kimenunuliwa kwa nani, kiasi gani, kwa bei gani na lini, bila kuulizwa jina wala chama chake.

Lakini kuna mtu atatuuliza, na ana haki: daftari la michango ya tawi hili limesomwa lini? Sisi ndio tuliokabidhiwa daftari hilo, na tokea Mfunguo Tatu halijasomwa mbele yenu. Mara tulikuwa safarini, mara mkutano uliisha kwa haraka. Hizo ndizo sababu zetu, nanyi mwaona kwamba hazipishani sana na mtandao uliolala.

Tumekuja nalo usiku huu. Lile pale juu ya meza. Ndani yake mna upungufu wa shilingi 42,000 ambazo hatukumbuki zimetokaje. Tumemwomba kijana wetu wa uenezi apige picha kila ukurasa kwa simu yake na kuwapelekea wanachama wote kabla hatujatawanyika. Anayekumbuka alichopokea au alichotoa, na aseme sasa, nasi tutaandika mbele yake.